Chekimeti ya mstari wa nyuma: mwongozo kamili wa kuiona kwenye mafumbo ya chesi

Vijana wengi wanaokuja kucheza nasi hapa Mwanga, Kigoma, wanaijua chekimeti ya mstari wa nyuma. Mwombe yeyote akupangie, atakupangia bila kusita: mfalme pembeni, askari watatu mbele yake, ngome inaingia, mchezo umekwisha. Mpe sasa fumbo la aina hiyohiyo kwenye simu, anakosa. Kesho yake anakosa tena, na kosa ni lilelile.

Kosa lenyewe ni mpangilio wa kufikiri. Wanaanza kwa kutafuta cheki (tishio la kumla mfalme), halafu wanaomba Mungu iwe chekimeti (cheki ambayo mfalme hana namna ya kuiponyoka). Kazi hii huanza kwa kuhesabu: mfalme ana mahali pa kukimbilia? Mstari wake unalindwa na kete ngapi? Cheki inakuja mwisho kabisa. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo hapa, na usiruke hata ile inayoonekana ya kitoto.

## Vitu vya kuandaa

- Ubao na kete halisi. Kama huna seti, chora miraba 64 kwenye kipande cha boksi, chukua vizibo vya soda, andika juu yake kwa maka peni: MF mfalme, ML malkia, N ngome, A askofu, F farasi. Askari waache bila maandishi. Kwa upande wa nyeusi, pindua vizibo na uandike ndani.
- Simu yenye programu ya Lichess. Ni ya bure, haina matangazo, na mafumbo yake yamepangwa kwa mada. Ya mstari wa nyuma yana kundi lake. Mafumbo kadhaa hupakuliwa mapema, kwa hiyo bando likiisha unaendelea.
- Daftari na kalamu. Wengi hulidharau hili. Bila daftari hutajua unakosea wapi, utajua tu kwamba unakosea.

Nitataja miraba kwa herufi na namba: safu zinasimama kutoka a hadi h, mistari inalala kutoka 1 hadi 8. Nyeupe huanzia chini, kwenye mstari wa 1 na wa 2. Mstari wa nyuma wa nyeusi ni wa 8.

## Hatua ya 1: Angalia mfalme anaweza kukimbilia wapi

Usiguse kete. Mtazame mfalme wa mpinzani na ujiulize swali moja: akipewa cheki kwenye mstari wake wa nyuma, ana mraba gani wa kupandia?

Panga hii ubaoni. Nyeupe: mfalme g1, ngome e1, askari f2, g2, h2. Nyeusi: mfalme g8, ngome b2, askari f7, g7, h7. Zamu ya nyeupe. Ngome inakwenda e8, chekimeti. Miraba mitatu iliyo mbele ya mfalme imezibwa na askari wake mwenyewe, na f8 na h8 zote ziko kwenye mstari wa ngome.

Sasa msogeze askari wa h7 hadi h6. Cheza ngome e8 tena. Safari hii mfalme anapanda h7 na hakuna kilichotokea. Huyo askari mmoja amefungua dirisha.

Ongeza askofu mweupe d3. Ngome e8 imekuwa chekimeti tena, kwa sababu askofu anaangalia h7 kutoka mbali, kupitia e4, f5 na g6. Hapa ndipo mafumbo mengi hukamata watu: wanaona askari wa h6, wanasema "ana dirisha", wanaachana na mstari wa nyuma na kwenda kutafuta kitu kingine. Ukiona dirisha, uliza nani anaangalia ule mraba. Askari akiwa amesogea g6, mraba wa kukagua ni g7, na askofu wako akiwa h6 anaufunga.

Tahadhari: ngome ikiingia f8 bila kulindwa, inakaa ubavuni mwa mfalme na mfalme anaila. Mraba wa kuingilia uwe mbali na mfalme, au uwe na kete yako nyingine inayoulinda.

Utajua umefaulu ukiweza kusema kwa sauti, bila kugusa ubao: "Mfalme hana pa kwenda," au "Ana mraba mmoja, h7, na siuangalii."

## Hatua ya 2: Hesabu walinzi wa mstari

Mlinzi ni wa aina mbili, na watu huhesabu aina moja tu.

Wa kwanza ni kete inayoweza kula ngome au malkia wako pale anapoingilia. Hawa huonekana haraka, hasa ngome iliyokaa d8 au a8.

Wa pili ni kete inayoweza kuziba, yaani kuingia katikati ya kete yako na mfalme. Rudi kwenye ubao ule wa kwanza wenye askari f7, g7, h7, na umwongezee nyeusi askofu c5. Ngome yako inaingia e8, na askofu anateleza kupitia d6 na e7 hadi f8. Cheki imezibwa, mfalme anamlinda askofu wake, nawe umebaki unashangaa.

Kuna kijana mmoja wa kidato cha pili, anatoka Ujiji, mkono wake una kasi kuliko macho. Aligonga e8 mara mbili kwenye fumbo moja, alama nyekundu ikatokea mara mbili, akanigeuzia simu: "Mwalimu, mbona inakataa? Si chekimeti hii?" Nikamwambia aweke kidole f8, kisha afuate kila mshazari na kila mstari unaofika hapo. Kidole kilipofika b4 kikakuta malkia mweusi. Akacheka peke yake. Tangu hapo nawaambia wote wafanye vivyo hivyo: weka kidole kwenye mraba wa kuziba, ufuate njia zote zinazoingia hapo. Mkaguo huo ni wa muda mfupi na unaokoa mafumbo mengi kuliko ujanja wowote nitakaoutaja baadaye.

Kumbuka na farasi. Farasi mweusi aliye d7, g6 au e6 anaruka f8. Njia yake si mstari, kwa hiyo kidole peke yake hakitamwona.

Utajua umefaulu ukiwa na namba. "Mraba wa e8 una mlinzi mmoja, f8 haina mzibaji." Kama jibu lako ni "nadhani wako sawa," hujahesabu.

## Hatua ya 3: Linganisha na washambuliaji wako

Kanuni ni nyepesi: kwenye mraba wa kuingilia, washambuliaji wako wawe wengi kuliko wanaoweza kula.

Panga: nyeupe mfalme g1, malkia e2, ngome e1, askari f2, g2, h2. Nyeusi mfalme g8, malkia b2, ngome d8, askari f7, g7, h7. Zamu ya nyeupe. Malkia wako anashambuliwa na malkia wa b2, na hapo wengi huanza kufikiria kubadilishana malkia. Hesabu kwanza. Mraba wa e8: wewe una wawili, malkia na ngome iliyo nyuma yake. Mpinzani ana mmoja, ngome ya d8. Wawili kwa mmoja.

Malkia e8, cheki. Ngome inamla, haina njia nyingine. Ngome yako inakula e8, chekimeti.

Sasa ongeza ngome nyeusi ya pili a8. Wawili kwa wawili: malkia e8, ngome ya d8 inakula, ngome yako inakula, ngome ya a8 inakula. Umepoteza malkia na ngome kwa ngome moja.

Ondoa ngome ya a8, umhamishe malkia mweusi kutoka b2 hadi b4. Hesabu ya kula bado ni wawili kwa mmoja, lakini kuna mzibaji. Malkia e8, ngome inakula, ngome inakula, malkia mweusi anashuka f8. Ngome yako inamla, mfalme anaila ngome. Ubaoni wamebaki wafalme na askari watatu kila upande. Malkia kukaa b2 au b4 ndiyo tofauti ya ushindi na mchezo uliosawazika, na kwa jicho la haraka mafumbo hayo mawili yanafanana kabisa. Ndiyo maana hatua ya 2 inatangulia.

## Hatua ya 4: Hesabu ikigoma, mtafute mlinzi mwenye kazi mbili

Mafumbo ya ngazi ya chini huishia hatua ya 3. Ya kati huanzia hapa.

Ukikuta mmoja kwa mmoja, usikate tamaa. Uliza: huyu mlinzi ana kazi gani nyingine? Kama analinda mstari wa nyuma na wakati huohuo analinda kete nyingine, hawezi kufanya zote mbili.

Panga: nyeupe mfalme g1, malkia d2, ngome e1, askari f2, g2, h2. Nyeusi mfalme g8, malkia d5, ngome d8, askari f7, g7, h7. Malkia wawili wanatazamana. Ngome ya d8 inamlinda malkia wake na pia inalinda e8.

Nyeupe inamla malkia wa d5. Ngome ikimrudi, imeondoka kwenye mstari wa nyuma: ngome e8, chekimeti. Isipomrudi, nyeusi imepoteza malkia bure. Anayehesabu kwa mazoea anasema "malkia kwa malkia, sare." Anayehesabu kazi za walinzi anaona malkia wa d5 hakuwa analindwa hata kidogo.

Tahadhari: usitoe kete kwa sababu tu inapendeza. Toa kwa sababu umemtaja mlinzi kwa jina, na umesema kazi yake ya pili ni ipi.

## Hatua ya 5: Uliza "asipokula je?"

Hatua hii nitaikalia, kwa sababu ndiyo inayowaangusha wenzetu wanaotoka kwenye drafti.

Kwenye drafti kula ni lazima. Unatoa kete, mpinzani anakula atake asitake, nawe unakula mbili. Mazoea hayo ni mazuri kwa namna moja: mcheza drafti haogopi kutoa. Ubaya wake ni kwamba anadhani zawadi ikiwekwa mezani itapokelewa. Kwenye chesi mpinzani halazimiki kula isipokuwa kula kuwe jibu pekee la cheki. Kwa hiyo kila zawadi lazima ifanye kazi mara mbili: akikubali na akikataa.

Mfano bora ninaoujua ni mchezo wa wachezaji mashuhuri wa zamani, Ossip Bernstein (nyeupe) na José Raúl Capablanca (nyeusi), Moscow, 1914. Upange ubaoni, usiusome tu.

Nyeupe: mfalme g1, malkia e2, ngome c3, askari a2, e3, f2, g2, h2.
Nyeusi: mfalme g8, malkia b6, ngome d8, askari a7, f7, g7, h7.
Zamu ya nyeusi, na nyeusi ana upungufu wa askari mmoja.

Pita hatua zako. Mfalme wa g1 hana dirisha. Mraba wa kuingilia ni d1. Anaulinda malkia wa e2 peke yake, na mshambuliaji ni ngome ya d8 peke yake. Mmoja kwa mmoja. Ngome d1 mara moja? Malkia anaila.

Basi jaribu cheki kwa malkia b1. Nyeupe anaziba kwa malkia f1. Ukibadilishana malkia, mfalme anakula f1, unampa cheki d1, naye anapanda e2 akiishambulia ngome yako. Ametoka. Ukijaribu kuongeza nguvu kwa ngome d1 wakati malkia wako bado yuko b1, mambo yanageuka: nyeupe anacheza ngome c8 cheki, ngome yako inarudi d8 kuziba, ngome yake inakula, chekimeti. Umepigwa kwa silaha uliyokuja nayo.

Capablanca alicheza malkia b2. Anakaa bila ulinzi wowote, anamgusa malkia wa e2 na ngome ya c3 kwa pamoja. Bernstein alisalimu amri papo hapo. Tuangalie kwa nini, jibu moja baada ya jingine:

1. Malkia akila b2: d1 haina mlinzi tena. Ngome d1, chekimeti. Hakuna kete nyeupe inayofika e1 au f1 kuziba.
2. Malkia akirudi e1: malkia wako anakula ngome ya c3. Malkia mweupe akimla, ngome d1 cheki, malkia anarudi kuziba e1, ngome inamla, chekimeti.
3. Ngome ikishuka c2: usiile kwa pupa, maana malkia akikula kwenye c2 anaiona d1. Cheki kwanza b1, malkia anaziba f1, ndipo ule ngome ya c2.
4. Ngome ikipanda c8: huu ndio mtego. Ukimla malkia wa e2, ngome yake inakula d8 na ni chekimeti. Malkia wako hawezi kurudi e8 kwa sababu askari wa e3 amemzibia njia. Cheza cheki b1 kwanza, malkia anaziba f1, mle kwa cheki, mfalme amrudi, kisha ngome yako ile ile ya c8.

Kaa na ubao huu mpaka uweze kujibu zote nne bila kusogeza kete. Mimi naona una thamani kuliko mafumbo mia ya kugonga e8. Na ona kwamba katika majibu manne, mara moja tu zawadi ilipokelewa.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza mtu mwingine kwa nini b2 na si b1. Kumweleza mdogo wako asiyejua chesi ni kipimo kizuri zaidi, maana atauliza maswali uliyoyaruka.

## Hatua ya 6: Angalia nyuma yako

Umeshaona kwenye ngome c8: mstari wako wa nyuma nao ni mstari. Kabla ya kucheza, hasa kabla ya kuihamisha ngome yako ya mwisho, jiulize mpinzani ana cheki gani akipata nafasi moja.

Mfalme wako akiwa na dirisha, una uhuru. Asipokuwa nalo, kila hatua yako iwe cheki au itishie kitu kikubwa kuliko kile anachotishia yeye. Hatua ya kimyakimya bila dirisha ndiyo inayopoteza michezo ambayo ulikuwa umeshaishinda.

## Hatua ya 7: Jinsi ya kufanya mazoezi

Anza na kundi la mstari wa nyuma kwenye Lichess, kiwango cha chini kuliko unachodhani unastahili. Mafumbo kumi kwa kikao yanatosha. Kwenye programu hiyo, mpinzani hucheza hatua moja kabla ya zamu yako: itazame vizuri. Mara nyingi ndiyo hatua iliyomwondoa mlinzi kwenye mstari wake, na nusu ya jibu iko hapo.

Kila fumbo ulilokosa, liandike kwenye daftari kwa sentensi moja inayotaja hatua. "Sikuona mzibaji f8." "Sikuuliza asipokula." Baada ya vikao vichache utaona neno moja linajirudia, na hiyo ndiyo hatua ya kurudia. Kwa wengi wa hapa kwetu ni ya 2.

Ukizoea, ondoka kwenye kundi hilo. Ukichagua mada ya mstari wa nyuma, tayari umeshaambiwa jibu. Kwenye mchezo hakuna atakayekunong'oneza. Nenda kwenye mafumbo mchanganyiko, au Puzzle Streak, ambayo haina saa lakini inakwisha ukikosea mara moja. Haraka hapo haina faida, na ndicho tunachokitaka.

Utajua umefaulu ukianza kukataa. Ukiliona fumbo lenye askari f7, g7, h7, ukahesabu, ukasema "hapa hakuna chekimeti ya nyuma, kuna mzibaji," kisha ukatafuta kitu kingine, jicho lako limekomaa.

## Ukiendelea kukwama

Unakosa ukicheza nyeusi tu. Simu hugeuza ubao, na namba zinaanzia juu. Soma namba za pembeni kabla ya yote: mstari wa kushambulia sasa ni wa 1, na mraba wa kuziba, mfalme akiwa g1, ni f1.

Mfalme yuko upande wa malkia. Akiwa b8 na askari a7, b7, c7, hesabu ni ileile. Mraba wa kuziba, ukiingilia kutoka kulia, ni c8, na kama umeingilia h8 basi ni miraba yote kutoka c8 hadi g8. Njia ikiwa ndefu, wazibaji wanaongezeka. Akiwa bado c8, d7 nayo ikague, maana ndiyo anayokimbilia ukimpa cheki.

Unaona hatua ya kwanza ya jibu la fumbo, ya tatu inapotea. Rudi kwenye vizibo. Cheza hatua kwa mkono, rudisha, cheza tena, kisha funga macho na uitaje kete iliyobaki kwenye kila mraba wa mstari wa 8.